Huduma za Bure za Akili Mnemba: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuunganisha

Siku hizi mtu mwenye kompyuta na kifurushi cha intaneti anaweza kutumia akili mnemba bila kulipa ada yoyote ya mwezi. Kampuni kadhaa hutoa modeli zao bure kwa kiasi maalumu, na zipo programu zinazomwezesha mtumiaji kuzifikia modeli za kampuni mbalimbali mahali pamoja. Jan ni mojawapo ya programu hizo. Tunaitaja kwa mfano tu, wala hatuipigii debe. Wengi hutaka kujua namna ya kuunganisha. Swali zito zaidi, ambalo ni nadra kuulizwa, ni kwamba maneno yako huenda wapi ukishaunganisha.

Unapotumia modeli ya mtandaoni, programu uliyosakinisha ni mlango tu. Modeli yenyewe iko kwenye seva za mtoa huduma, na mara nyingi seva hizo ziko nje ya nchi. Ili mlango ufunguke, unafungua akaunti kwenye tovuti ya mtoa huduma na kuomba ufunguo, yaani mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu. Unaunakili, unaubandika kwenye mipangilio ya programu chini ya jina la mtoa huduma huyo, kisha unachagua modeli na kuandika swali la majaribio. Basi.

Ufunguo huo utunze kama namba ya siri ya pesa za simu. Atakayeupata atatumia huduma kwa jina lako, na ikiwa umesajili kadi ya benki, deni litakuwa lako. Usiutume kwenye kundi la WhatsApp, wala usimwachie fundi aliyekusaidia kusakinisha. Google na OpenRouter hutoa ufunguo wa kuanzia bila kudai kadi, kwa hiyo anayekuuzia ufunguo anakuuzia kitu kinachotolewa bure, au alichokiiba kwa mwingine. Kwenye OpenRouter, modeli za bure huwa na neno “free” mwishoni mwa jina. Modeli ileile isiyo na neno hilo hutozwa, na ukiwa na salio litakatwa.

Huduma ya bure ina kikomo. Tunapoandika haya, asiyenunua salio OpenRouter hupata maombi 50 kwa siku, na viwango hivi hubadilika bila kumsubiri mtu. Kwa Google, hesabu ya siku huanza upya saa sita usiku kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, ambayo kwetu ni saa nne au saa tano asubuhi kutegemea majira. Ukiambiwa saa mbili asubuhi kwamba kiwango kimekwisha, programu haijaharibika. Jambo jingine ni kwamba baadhi ya vikomo huhesabiwa kwa tokeni, yaani vipande vya maneno, na maneno ya Kiswahili kwa kawaida hukatwa vipande vingi kuliko ya Kiingereza. Ujumbe uleule hutugharimu zaidi sisi.

Turudi kwenye swali letu. Tuchukue mfano wa katibu wa kikoba anayetaka taarifa ya mwaka iandikwe vizuri. Ananakili daftari zima, lenye majina ya wanachama, namba za simu, mikopo na waliochelewa kurejesha, na kulibandika kwenye programu. Kazi inatoka safi. Lakini masharti ya Google kwa matumizi yasiyolipiwa ya huduma hii yanaeleza wazi kwamba maandishi hayo yanaweza kutumika kuboresha bidhaa zake na kwamba wakaguzi wa kibinadamu wanaweza kuyasoma. Kampuni inasema huyatenganisha kwanza na akaunti ya mtumiaji. Hata hivyo, jina la mwanachama lililomo ndani ya maandishi halifutiki kwa kutenganisha akaunti, na masharti yenyewe yanaonya kwamba taarifa nyeti au za siri zisiwekwe. Waliomo kwenye daftari hawakuulizwa. Tunaona ni haki kuongeza kwamba wakazi wa Umoja wa Ulaya, Uingereza na Uswisi hupewa ulinzi wa wateja wanaolipa hata wanapotumia bure. Mtumiaji wa Mwanza hapewi.

Katibu huyo angeweza kuandika “Mwanachama wa 1” na “Mwanachama wa 2”, kuondoa namba za simu, kisha kurudisha majina mwenyewe katika nakala ya mwisho. Njia nyingine ni kupakua modeli na kuitumia ndani ya kompyuta yake kwa Jan au Ollama, ambapo maandishi hayatoki nje. Modeli ndogo ya vigezo bilioni 3 huchukua takriban GB 2 za kifurushi, mara moja tu. Kompyuta yenye RAM ya GB 8 huimudu. Kiswahili chake kitakuwa dhaifu kuliko cha modeli kubwa, na majibu yatakuja polepole, lakini kwa daftari la mikopo tungechagua hiyo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa pia taarifa zinazosafirishwa nje ya Tanzania. Anayeona taarifa zake zimetumiwa isivyo halali anaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Aweke picha za skrini, tarehe, na nakala ya masharti yaliyokuwapo siku hiyo. Ukihisi ufunguo wako umevuja, usianze na malalamiko. Ingia kwenye akaunti ya mtoa huduma, ufute ufunguo huo, utengeneze mwingine, kisha ukague orodha ya matumizi. Kuufuta kwenye programu pekee hakutoshi, kwa sababu kwa mtoa huduma bado unafanya kazi.