Umri na Uhai Baada ya Kuzibuliwa Mishipa ya Moyo

Kadiri umri unavyosonga, ndivyo hatari ya kufariki baada ya kuzibuliwa mishipa ya moyo inavyoongezeka. Mgonjwa wa kwanza kuzibuliwa kwa puto, mjini Zürich mwaka 1977, alikuwa na miaka 38 tu. Siku hizi tiba hii hufanyiwa hata waliovuka miaka 80, na miili yao ina mengi ya kuzingatiwa. Kalsiamu hujikusanya kwenye kuta za mishipa zikawa ngumu, puto lisitanuke vizuri wala stenti, yaani kibomba cha wavu kinachouacha mshipa wazi, isikae sawasawa. Figo zilizochoka huweza kudhuriwa na dawa inayoonyesha mishipa kwenye eksirei. Dawa za kuzuia damu isigande ndani ya stenti nazo humfanya mzee avuje damu kwa urahisi, ndiyo maana madaktari wengi hupitishia mrija wa kupeleka puto na stenti kwenye kifundo cha mkono badala ya kinena.

Hata hivyo, kumnyima mzee tiba kwa sababu ya umri pekee ni kosa. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2016, wenye wagonjwa 457 wa miaka 80 na zaidi, ulionyesha kuwa waliopelekwa kuchunguzwa na kuzibuliwa mishipa walipata mashambulio mapya ya moyo machache zaidi, ingawa tofauti ya vifo haikuwa bayana.

Kwa wazee, shambulio la moyo huweza kuja kwa pumzi kukatika au uchovu wa ghafla, bila maumivu ya kifua. Dalili hizo zisidhaniwe kuwa uzee. Mgonjwa awahishwe hospitali.