Kebo ya kuchajia gari la umeme: kwa nini isiviringishwe ikiwa kazini, na ihifadhiwe vipi

Ni saa tatu usiku katika mtaa wa nyumba za kupanga jijini Nairobi. Gari dogo lililoagizwa kutoka Japani limeegeshwa uani. Waya umetoka dirishani, umepita juu ya maua na kuishia kwenye ekstensheni ya kuzungusha, ambayo nusu ya waya wake bado imejikunja kwenye gurudumu. Mwenye gari ameshalala. Gari litaendelea kula umeme hadi alfajiri.

Maswali mengi tunayoletewa na wasikilizaji kuhusu magari ya umeme ni ya betri: itadumu miaka mingapi, na kuibadilisha ni shilingi ngapi. Kebo haiulizwi sana. Hata hivyo kebo ndiyo sehemu ambayo mwenye gari huishika kila siku, huiburuta, huikanyaga na kuitupa kwenye buti. Ndiyo pia sehemu inayoweza kuunguza nyumba wakati gari lenyewe halina kasoro yoyote.

Kisanduku kile si chaja

Tuanze na jambo linalowachanganya wengi. Kebo inayochomekwa kwenye soketi ya kawaida ya ukutani huwa na kisanduku katikati, chenye taa ndogo. Watu hukiita chaja. Chaja halisi imo ndani ya gari. Ndiyo inayogeuza umeme wa nyumbani kuwa umeme ambao betri inaukubali.

Kisanduku kina kazi mbili. Kwanza, kinaliambia gari linaruhusiwa kuvuta ampea ngapi, kwa ishara ya umeme inayopanda na kushuka mara 1,000 kwa sekunde. Gari husoma ishara hiyo na kutii. Pili, hukata umeme ukianza kuvuja, na nyingi hukagua kwanza kama nyumba ina waya wa ethi unaofanya kazi. Taa nyekundu ikiwaka nyumba ya zamani inapochomekwa, mara nyingi sababu ni hiyo: ethi haipo au imekatika. Tumesikia wanaotafuta fundi wa "kuidanganya" kebo ili ikubali. Huko ni kuondoa kitu pekee kinachomlinda mtoto atakayegusa bodi ya gari asubuhi akiwa peku.

Kisanduku hulinda kile kilicho mbele yake, upande wa gari. Kilicho nyuma yake, yaani ekstensheni, plagi na soketi ya ukutani, hakioni.

Joto linatoka wapi

Birika la umeme huvuta ampea nyingi kuliko vifaa vingi vya nyumbani, lakini kwa dakika nne au tano tu. Gari huvuta usiku kucha. Kwa umeme wa volti 240 na ampea 10, tunapata kilowati 2.4. Betri ya Nissan Leaf ya kilowati-saa 40 iliyoisha kabisa itahitaji saa 17 au zaidi kwa mwendo huo. Hakuna kifaa kingine nyumbani kinachoichosha soketi moja namna hiyo.

Kila waya una ukinzani, na ukinzani huzaa joto. Joto hilo halipandi sambamba na ampea: ukizidisha ampea mara mbili, joto linapanda mara nne. Chukua ekstensheni ya mita 25 yenye waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5. Ikipitisha ampea 10, waya wote kwa pamoja hutoa joto la takriban wati 57. Ukiwa umenyooshwa sakafuni, joto hilo hutawanyika hewani na hutalihisi. Ukiwa umejikunja kwenye gurudumu, ni kama balbu ya zamani ya wati 60 iliyowashwa na kufunikwa blanketi hadi asubuhi. Tabaka za ndani haziwezi kupumua. Plastiki ya PVC inayofunika nyaya nyingi za kawaida imetengenezwa kuvumilia nyuzi joto 70. Ikizidi hapo hulainika, nyaya mbili hugusana, na moto huanza mahali ambapo hakuna anayeangalia. Kama waya wako ni wa milimita 0.75, hesabu hiyo ya joto izidishe mara mbili.

Ndiyo maana ekstensheni nyingi za kuzungusha zina vibandiko vyenye namba mbili za wati. Moja ni ya waya uliojikunja, mara nyingi karibu 1,000, na nyingine ya waya ulionyooshwa wote, ambayo hufika 3,000 na zaidi. Gari linapita namba ya kwanza kwa mbali.

Wapo wanaosema waya ukiviringishwa unageuka sumaku na kujipasha moto. Tumelisikia hata kwa mafundi. Si kweli kwa kebo ya kawaida: umeme unaokwenda na unaorudi hupita ubavu kwa ubavu ndani ya kebo ileile, na sumaku ya mmoja huifuta ya mwenzake. Tatizo ni kukosa hewa tu.

Je, kebo ya gari yenyewe nayo ni hatari ikijikunja? Kidogo. Ile ya mita 7 inayotumika na chaja ya ukutani ya ampea 32 ina nyaya nene za milimita za mraba 6, na hutoa takriban wati 41, kama wati 6 kwa kila mita. Haitawaka kwa hilo, lakini itapata joto bure na mpira wake utazeeka mapema. Itandaze yote kwa mizunguko mipana iliyolegea kabla ya kuwasha. Ekstensheni ndiyo inayotutia hofu, na ushauri wetu ni mfupi: usichajie gari kwa ekstensheni. Mlipe fundi umeme mwenye leseni akuvutie laini yake yenyewe hadi mahali unapoegesha, yenye kikata umeme chake.

Kebo ya Japani, plagi ya hapa

Magari mengi ya umeme yaliyotumika yanayoingia Kenya na Tanzania yanatoka Japani, na kebo zake huja zimo butini. Nyumba za Japani hutumia volti 100, na laini za volti 200 huwekwa kwa vifaa vizito. Kebo nyingi za magari zimeandikwa volti 200 na ampea 15, na plagi yake haiingii kwenye soketi zetu za matundu matatu. Kinachofanyika ni rahisi: fundi anaikata na kufunga plagi ya kawaida ya ampea 13.

Hebu tuangalie kilichotokea hapo. Kisanduku bado kinaliambia gari kwamba ampea 15 ni ruksa. Gari linaamini. Plagi iliyotengenezwa kwa ampea 13 sasa inaweza kupitisha 15 kwa saa nyingi mfululizo. Fyuzi haitakuokoa, kwa sababu fyuzi ya 13 haikatiki papo hapo kwa ampea 15. Huvumilia kwa muda mrefu huku miguu ya plagi ikipika soketi polepole. Dalili ni doa la kahawia kwenye soketi, harufu kama ya samaki au ya plastiki iliyoungua, na plagi isiyoshikika kwa joto. Ukiona mojawapo, acha kuitumia siku hiyohiyo.

Kuna hasara nyingine katika kuikata plagi. Baadhi ya kebo zina kihisi joto ndani ya plagi ya awali, kinachopunguza au kusimamisha umeme plagi ikipata moto. Plagi ikitupwa, nacho kimekwenda. Kebo mpya iliyotengenezwa kwa volti 240, yenye ishara ya ampea 10, ni gharama inayouma, tunakubali. Hata hivyo ni bora uikate kwenye bajeti ya redio ya gari.

Kuchomeka na kuchomoa

Mpangilio ni huu: ukutani kwanza, kisha garini. Wakati wa kutoa, garini kwanza, kisha ukutani. Umeme haupiti hadi gari na kebo vimekubaliana, hivyo ukianzia upande wa gari mkondo unasimamishwa kwanza. Ukivuta plagi ya ukutani gari likiwa bado linachaji, cheche hurukia kwenye miguu ya plagi na kuila kidogo kidogo.

Kisanduku kisining'inie hewani kikiwa kimeshikiliwa na plagi. Uzito wake huivuta plagi chini hadi ilegee kwenye soketi, na mguso mbovu ni joto. Kitundike kwenye msumari au ndoano.

Kuikunja bila kuivunja

Hapa tuna la kusema kwa sababu kazi yetu ni ya nyaya. Katika studio, kijana mgeni akizungusha waya wa maikrofoni kwenye kiwiko na kiganja chake, mafundi wa sauti humkemea kabla hajamaliza raundi ya tatu. Kila raundi ya namna hiyo inausokota waya upande mmoja. Baada ya miezi kadhaa waya haulali tena, unajikunja kama nyoka, na ndani yake nyuzi nyembamba zinakatika moja moja.

Njia ya mafundi ni kupishanisha. Raundi ya kwanza unaiweka kawaida. Ya pili unageuza kiganja ili waya upite kwa chini. Ya tatu kawaida, ya nne kwa chini. Msokoto wa raundi moja unafutwa na inayofuata, na ukija kuurusha waya unanyooka bila fundo. Kwa kebo ya gari fanya mizunguko mikubwa, kama upana wa sinia la pilau, kisha ifunge kwa mkanda laini, si kwa kamba ya kukaza. Mahali inapoingia kwenye kichwa na kwenye kisanduku ndipo hukatika kwanza, kwa hiyo usipakunje kabisa.

Nyumbani, ndoano pana au rimu kuukuu iliyofungwa ukutani inatosha. Msumari mwembamba utaikunja mahali pamoja kila siku. Garini, itie kwenye mfuko na uibane butini. Kebo hizi zina uzito wa kilo mbili hadi tano, na gari likifunga breki za ghafla kitu cha uzito huo hakikai kilipo.

Mvua, chumvi na panya

Vichwa vya kebo vimetengenezwa kuvumilia mvua vikiwa vimechomekwa. Vikiwa vimelala kwenye dimbwi, hapana. Rudisha kifuniko mara tu unapotoa, na usiache kichwa chini hata kwa dakika mbili: mchanga ukiingia kwenye matundu, utauchomeka ndani ya gari kesho yake. Ifute kwa kitambaa kikavu ikiwa haina umeme. Usiipulizie mafuta ya kulainisha.

Kwa walio Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam, hewa ya chumvi inakula shaba. Ukiona kijani au weusi kwenye vyuma vya ndani, usikwangue kwa sandpepa, maana utaondoa madini yaliyopakwa kuilinda. Mpelekee fundi. Panya nao hupenda kutafuna nyaya, hivyo kebo itundikwe juu na isiachwe kwenye kona ya stoo.

Wasikilizaji wetu walioko Ulaya wana shida nyingine. Huko chaja nyingi za mitaani hazina kebo. Kila dereva huja na yake, yenye kichwa cha aina ambayo Umoja wa Ulaya uliiweka kuwa ya pamoja mwaka 2014. Asiye na gereji hulazimika kuipitisha juu ya njia ya waenda kwa miguu, na hapo asiyeona au anayetumia kiti cha magurudumu anapata kikwazo. Mjini Oxford, Uingereza, umejaribiwa mfereji mwembamba uliochimbwa njiani ambamo kebo hulazwa. Pita na ombi kwenye halmashauri yako kabla ya kuchimba chochote.

Wanaoitaka shaba

Kebo ya mita 7 ya ampea 32 ina shaba ya zaidi ya kilo moja. Mwaka 2024 bei ya shaba katika soko la dunia ilizunguka dola 9,000 kwa tani, kwa hiyo mwizi anapata dola chache na mwenye kebo anapoteza mamia. Nchini Marekani, kampuni ya Electrify America ilisema kebo 129 za vituo vyake zilikatwa hadi kufikia Mei 2024, nne zaidi ya mwaka mzima wa 2023. Kwetu hadithi si mpya: Januari 2022 Kenya ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa baada ya minara ya umeme kuhujumiwa.

Magari mengi hufunga kichwa cha kebo milango inapofungwa, lakini si yote, na magari ya zamani kutoka Japani yakaguliwe moja moja. Jaribu mwenyewe: funga gari, kisha ivute. Ikitoka, pitisha kebo chini ya gurudumu la gati au nyuma ya ukuta, bila kuikanyagisha tairi, na uitoe mara gari linapojaa.

Kebo iliyochubuka hadi rangi za ndani zikaonekana imekwisha. Haiungwi kwa gundi ya karatasi wala kwa mkono, kwa sababu ndani yake kuna pia ule waya mwembamba wa ishara, na kiungo kibovu hapo kinaweza kulipa gari taarifa isiyo sahihi. Kata vichwa vyote viwili ili asije mwingine akaiokota na kuitumia, kisha uiuze kwa mnunuzi wa vyuma anayetoa risiti.