Ujuzi Usibaki Kichwani mwa Fundi Mkuu

Dodoma ilipopewa hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018, serikali ilikuwa tayari inahamia huko, pamoja na watumishi, familia zao na watoto wao wa shule. Mafundi cherehani wa Makole, kata iliyo jirani na katikati ya mji, wana soko mlangoni: sare za shule, suti za ofisini, vitenge vya harusi, majoho ya mahafali. Tukiuliza karakana zao zifanye nini ili zishone zaidi, jibu la haraka ni mkopo na mashine: tununue ovaloki, tuongeze cherehani za umeme. Mashine zinahitajika, sikatai. Lakini karakana ya watu watano au kumi mara nyingi inakwamishwa na jambo jingine: ujuzi wa kazi anao mtu mmoja, na wenzake wanakaa wakimsubiri.

Chukua sketi ya marinda ya shule. Rinda likipakana na rinda, bila nafasi katikati, kila moja humeza kitambaa mara tatu ya upana unaoonekana. Kiuno cha sentimita 66 chenye marinda 22 ya sentimita 3 kinataka sentimita 198 za kitambaa, kabla ya kuhesabu mishono na nafasi ya zipu. Fundi mkuu analijua hilo kwa mazoea. Anakunja kwa vidole, anapiga chaki, anakata. Akiugua Januari, wiki ambayo shule zinafunguliwa, msaidizi anabaki kukisia. Akipunguza, sketi inabana au inakosa marinda. Akizidisha, jora linakwisha kabla oda haijakamilika. Karatasi moja iliyobandikwa ukutani ingetosha kuzuia hasara hiyo: kiuno, idadi ya marinda, upana wa kila rinda, mita za kitambaa. Ongeza patani za karatasi ngumu za kukatia kila saizi, na daftari la makosa linaloeleza kola ipi ilipinda, mshono upi ulifumuka, nguo ipi mteja aliirudisha na kwa nini. Wataalamu huuita usimamizi wa maarifa. Kwa karakana, maana yake ni kwamba anachokijua mmoja kinawekwa mahali ambapo kila mfanyakazi anakifikia.

Ushahidi kwamba hili lina faida upo. Karibu na Mumbai, India, watafiti akiwemo Nicholas Bloom walivipatia baadhi ya viwanda vya kufuma vitambaa washauri wa kuvifundisha kuandika kasoro, kufuatilia mashine zinazosimama na kupanga ghala la uzi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha tija kupanda kwa asilimia 17 katika mwaka wa kwanza. Mtu atasema vile ni viwanda vikubwa, havifanani na chumba chenye cherehani sita. Ni kweli, na ndiyo maana mfano wa Dar es Salaam una uzito zaidi kwetu. Huko, mwaka 2010, watengenezaji wadogo wa nguo walianza kufundishwa Kaizeni, utaratibu wa Kijapani wa kuboresha kazi hatua kwa hatua, darasani na ndani ya karakana zao. Faida katika biashara haikuja papo hapo. Ilionekana baada ya miaka kupita. Anayetaka matokeo ndani ya mwezi mmoja ataliacha daftari mapema mno.

Pingamizi kubwa zaidi linatoka kwa watu wenyewe. Mwenye karakana anaogopa kwamba akimfundisha kijana, kijana ataondoka na kufungua duka lake mtaa wa pili. Ataondoka, pengine, lakini ujuzi ulioandikwa unabaki, na anayechukua nafasi yake haanzi upya. Hofu ya fundi mkuu ni nzito zaidi, na nadhani ana haki nayo. Ujuzi ndio nguvu yake ya kudai malipo, na kama analipwa kwa idadi ya nguo, kila saa anayoitumia kufundisha inampunguzia kipato. Kumwambia agawe bure anachokijua ni kumdhulumu. Alipwe kwa muda wa kufundisha kama anavyolipwa kwa kushona, na asaidiwe kuingia katika urasimishaji wa ujuzi unaofanywa na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambako fundi aliyejifunza mtaani hupimwa na kupewa cheti. Hapo naye anapata kitu ambacho hakuna wa kumnyang'anya.

Kuna pia wanaosema ufundi hauandikiki. Sehemu yake kweli haiandikiki: namna ya kuongoza satini isiteleze chini ya sindano hujifunzwa kwa kukaa pembeni ya anayejua, au kwa kutazama video fupi iliyorekodiwa kwa simu mkono wake ukifanya kazi. Lakini vipimo, hesabu ya kitambaa, aina ya sindano kwa kila kitambaa na mpangilio wa hatua za kushona shati vinaandikika vyote, na humo ndimo muda mwingi unamopotea.

Wewe mwenye karakana, kabla hujajaza fomu ya mkopo wa mashine nyingine, mlipe fundi wako mkuu siku mbili akate patani za saizi zote za sare mnazoshona na kuandika hesabu zake, na uifanye kazi hiyo kabla oda za Januari hazijaanza kuingia.