Kabla ya ‘Bohemian Rhapsody’: Ngoma ya nne iliyompa Freddie Mercury jina

NITAKUULIZA swali moja, na usikimbilie Google: taja nyimbo tano za Queen.

Najua ulivyoanza. "Bohemian Rhapsody" imekuja kwanza. Halafu "We Will Rock You", ile ya makofi na kukanyaga chini. Kisha "We Are the Champions", maana timu ikishinda lazima kuna mtu ataiweka, hata kama ni mechi ya mtaa na mtaa hapa Kangari na zawadi ni mbuzi mmoja. Mbili zilizobaki utazikumbuka ukijikuna kichwa kidogo.

"My Fairy King" hujaitaja. Sikulaumu. Haimo hata kwenye Greatest Hits ya 1981, ambayo ndiyo albamu iliyouzwa kuliko zote Uingereza.

Lakini mtafute shabiki wa Queen wa kweli, yule anayesikiliza albamu toka mwanzo hadi mwisho bila kuruka ngoma. Mtajie huo wimbo uone macho yake. Atakushika mkono akuketishe chini, na hutatoka hapo haraka. Leo hebu nikuketishe mimi.

Ngoma yenyewe

"My Fairy King" ni wimbo wa nne kwenye albamu ya kwanza kabisa ya Queen, iliyopewa jina la bendi yenyewe na kutoka tarehe 13 Julai, 1973. Wakati huo hawa majamaa wanne walikuwa hawajulikani. Walirekodi Trident Studios, mtaa wa Soho jijini London, studio ile ile ambako Beatles walirekodi "Hey Jude" mwaka wa 1968. Ila Queen hawakuingia kama wateja wakubwa. Waliingia saa ambazo hakuna mwenye kulipa anayeihitaji studio, mara nyingi usiku wa manane. Wanapiga, wanaondoka, wanangoja nafasi nyingine ipatikane.

Singo yao ya kwanza, "Keep Yourself Alive", ilitoka wiki moja kabla ya albamu. Haikuingia hata kwenye chati za Uingereza.

Sasa weka ngoma ya nne. Inaanza na gitaa la Brian May, na juu yake mpiga ngoma Roger Taylor anapiga ukelele wa sauti ya juu mpaka unashangaa mwanamume anaitoa wapi. Kisha Freddie anaanza kukusimulia nchi fulani ambako farasi wana mabawa na nyuki hawaumi. Baadhi ya picha hizo zimetoka kwa shairi la Mwingereza Robert Browning la mwaka wa 1842, lile la mpiga filimbi wa Hamelin.

Halafu ngoma inakata kona. Piano inaingia. Kwenye wimbo wa pili wa albamu hiyo, piano ilipigwa na Brian May. Hapa Freddie ameketi mwenyewe, na ndipo unapomsikia kwa mara ya kwanza akiwa na vidole na sauti kazini kwa pamoja. Sauti zinarundikwa moja juu ya nyingine hadi watu wachache wanasikika kama kwaya nzima ya kanisa. Mwendo unabadilika, unapoa, unachemka tena. Na ile nchi nzuri? Inaharibiwa. Wabaya wanaingia, mfalme anaishiwa nguvu, wimbo unaisha kwa majonzi.

Yote hayo kwa dakika nne na sekunde chache. Mashabiki husema hapa ndipo mbegu ya "Bohemian Rhapsody" ilipopandwa, miaka miwili kabla ya ile ngoma kubwa kutoka Oktoba 1975. Ukizisikiliza moja baada ya nyingine, utaona hawapigi domo tu.

Mama aliyeitwa Mercury

Lakini wanaoupenda huu wimbo hawaupendi kwa sababu ya piano peke yake.

Aliyeimba alizaliwa Farrokh Bulsara, tarehe 5 Septemba, 1946, Mji Mkongwe, Unguja. Wazazi wake walikuwa Waparsi, na baba yake alikuwa karani wa fedha katika serikali ya kikoloni. Akiwa bado mdogo alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, na huko ndiko wenzake walikoanza kumwita Freddie. Alirudi Zanzibar akiwa kijana. Januari 1964 Mapinduzi yakafika, na mwaka huo huo familia ikafunga virago ikaenda kuanza upya Feltham, nje ya London. Alikuwa na miaka 17.

Kwa hivyo aliyeandika "My Fairy King" alikuwa bado Freddie Bulsara. Ndani ya wimbo, mambo yanapokuwa yameharibika kabisa, kuna mahali anamlilia mama na kumwita kwa jina Mercury. Brian May amesimulia kwamba ni baada ya hapo Freddie aliwaambia wenzake kuwa yule mama wa kwenye wimbo ni mama yake, kwa hivyo kuanzia sasa yeye ni Mercury. Wenzake wakadhani amechizi.

Tulia hapo kidogo. Jina ambalo dunia nzima inalijua lilitoka kwenye wimbo ambao karibu hakuna anayeujua.

Freddie hakupenda kufafanua mashairi yake, kwa hivyo sitakuambia kwamba ile nchi iliyoharibika ni Unguja na yule mfalme ni fulani. Ninachojua ni kwamba aliyeandika ni kijana ambaye alishaiacha nchi aliyozaliwa. Wewe sikiliza, uamue mwenyewe.

Jina la nyumbani na jina lako

Sasa tuilete hii stori Murang'a.

Kwetu jina huchagui. Ukiwa kifungua mimba wa kiume, wewe ni babu mzaa baba. Wa pili ni babu mzaa mama. Wasichana nao wanafuata nyanya zao hivyo hivyo. Unazaliwa jina likiwa tayari limekaa likikungoja, na wazee wanaanza kukuangalia kama una miguu ya yule mzee au ukali wake.

Si jambo baya. Kuna anayelibeba vizuri sana. Joseph Kamaru wa Kangema, nguli wa muziki wa Kikuyu aliyefariki Oktoba 2018, ana mjukuu anayeitwa Joseph Kamaru vile vile. Kijana huyo anatengeneza muziki wa kielektroniki, wa taratibu, usio na maneno, na anajulikana kimataifa kama KMRU. Aliondoa zile "a" mbili, jina likabaki. Tena ndiye amekuwa akizirudisha rekodi za zamani za babu yake kwenye intaneti ili watu wazisikie upya.

Freddie alipita njia nyingine. Kinachonipiga mimi ni wakati aliochagua. Hakungoja awe staa ndipo meneja amtafutie jina la kuuza. Alijiita Mercury akiwa bado anaviziavizia studio usiku, hana hata singo moja sokoni. Hakukuwa na wa kumpigia makofi.

Naandika haya kama mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma kupatikana. Ukirudi nyumbani hivyo, mtaa unakupa jina bila kukuuliza: yule aliyerudi. Unaenda dukani kununua mkate unaulizwa, "Siku hizi uko wapi?" Labda wewe ulimaliza, una digrii kwenye bahasha, lakini asubuhi uko shambani unachuma majani chai na kikapu mgongoni huku ukingoja simu ya kazi. Nawe una jina lako la mtaani, na hukulichagua.

Ndiyo maana ngoma ya nne inanishika kuliko zile za uwanjani. "We Are the Champions" ni wimbo wa mtu ambaye tayari ana umati. Ngoma ya nne ni ya mtu ambaye bado hana chochote isipokuwa anachojua kukihusu yeye mwenyewe. Msee akiwa Kangari mwezi wa Julai, ukungu umeshuka kutoka Aberdare na stima imepotea, huo wimbo wa pili ndio unaomfaa.

Kwa nini hukuwahi kuusikia

Kwanza, haukuwa singo. Pili, hatusikilizi albamu tena. Bando likiwa dogo unaendea ngoma unayoijua, na simu nayo inakuletea zinazofanana nayo. Wimbo wa nne wa albamu ya 1973 utakufikia vipi?

Tatu, rock huku kwetu ina jina baya. Utaambiwa ni kelele, ama ni ya shetani, na anayekuambia hajawahi kuisikiliza hata dakika moja. Ukweli ni kwamba mtu aliyezoea kwaya yenye sauti nne Jumapili ndiye angeuelewa huu wimbo haraka.

Mashabiki hawajauacha upotee. BBC iliurekodi Februari 1973, miezi mitano kabla ya albamu kutoka, na rekodi za redio hiyo zilipotolewa kama albamu mwaka wa 1989, Queen at the Beeb, "My Fairy King" ndiyo inayofungua. Oktoba 2024 albamu yote ya kwanza ikatoka upya kwa jina Queen I, ikiwa imechanganywa upya kwa sauti safi zaidi. Kwa hivyo hata kisingizio kwamba rekodi ni ya kale na imefifia hakipo tena.

Fanya hivi. Usiuweke kwenye spika ya simu ndani ya matatu, utasikia makelele tu. Ngoja usiku, vaa earphones zote mbili, maana sauti zinapishana sikio hili na lile. Anza na ngoma ya kwanza kama una muda. Kama huna, nenda moja kwa moja hadi ya nne. Usitafute kiitikio cha kuimba, hutakipata. Fuata stori, subiri piano, halafu ngoja afike kwa mama.

Na ikiisha, usizime. Ya tano ni "Liar", nayo ina mambo yake.