Miguu Inayouma: Punguza Kazi, Usiiache

Mkulima hulima kwa mikono, lakini miguu ndiyo inayomfikisha shambani. Kisigino kikianza kuuma, au kifundo kilichoteguka kikikataa kupona, kazi yote huharibika. Maji huchelewa kutekwa, palizi hupitwa na wakati, na pesa ambazo zingenunua mbolea huishia kwa vibarua. Tena maumivu ya namna hii si ya wiki moja. Yaweza kukaa miezi mingi, hata mwaka na zaidi.

Watu wengi wakipatwa na taabu hii hufuata njia moja kati ya mbili. Wengine huketi nyumbani wakingoja mguu upone wenyewe. Wengine hujikaza, humeza vidonge na kulima toka asubuhi mpaka jioni kana kwamba hawaumwi. Njia zote mbili hazifai. Mguu usiotumika hukosa nguvu na viungo vyake hukakamaa. Mguu unaolazimishwa huumia upya kila siku.

Wewe mwenyewe wajua la kufanya maksai akichubuliwa na nira. Humchinji, wala humfungi nira ile ile kesho yake. Wairekebisha nira, wampa kazi nyepesi, na kila asubuhi wakiangalia kidonda. Mguu wako wataka uangalizi huo huo.

KWA NINI KISIGINO HUUMA ASUBUHI

Mguu mmoja, toka kisigino mpaka vidole, una mifupa 26 iliyofungwa pamoja kwa kano. Chini ya unyayo iko kano moja pana na ngumu, itokayo kwenye kisigino kwenda vidoleni. Hiyo ndiyo inayoshikilia mguu usilale bapa. Ukisimama saa nyingi juu ya ardhi ngumu, au ukibeba mizigo mizito siku baada ya siku, kano hiyo huumia pale iliposhikana na kisigino. Usiku hukakamaa, na kwa sababu hiyo hatua za kwanza za asubuhi huchoma kama msumari. Ukitembea kidogo maumivu hupungua, kisha jioni hurudi.

Wengine huumwa nyuma ya kisigino, penye kano nene inayoshuka kutoka shavu la mguu. Wengine huumwa kifundo walichoteguka zamani, ambacho kilipona nusu tu na sasa hupinduka kila wakanyagapo shimo.

Kano hupona polepole kuliko nyama. Lakini ina tabia moja njema: ukiipa kazi ya kadiri, ukaipumzisha, kisha ukaipa tena, huzidi kupata nguvu.

ASUBUHI NDIYO SHAHIDI

Utajuaje kazi ya kadiri? Yapime maumivu yako kwa namba, toka 0 mpaka 10. 0 maana yake huumwi hata kidogo, na 10 ni maumivu makali kuliko yote uliyowahi kuyaona. Ukiwa kazini maumivu yasipite 4. Kesho yake asubuhi jipime tena unapokanyaga chini. Kama mguu ni sawa na jana asubuhi, au ni afadhali, basi kazi ya jana ilikuwa ya kadiri, nawe waweza kuirudia. Kama umezidi kuuma, kazi ilipita kiasi. Usiiache yote, ipunguze kwa theluthi moja au nusu, kisha uongeze kidogo kidogo baada ya siku chache.

Kwa hiyo usione ajabu mguu ukiuma kidogo kazini. Maumivu madogo yasiyozidi mpaka kesho yake si dalili kwamba unajiharibu.

PANGA KAZI UPYA

Usisimame na jembe saa nne mfululizo. Lima nusu saa, kisha keti ufanye kazi ya kukaa: pukuchua mahindi, chambua maharagwe, noa panga. Halafu rudi shambani. Ukikama, tumia kigoda badala ya kuchuchumaa. Kazi ya mteremkoni, ambako kifundo hupindwa sana, ifanye mapema kabla mguu haujachoka.

Angalia mizigo pia. Mtungi wa lita 20 za maji una uzito wa zaidi ya kilo 20, na kila hatua mguu wako unaubeba pamoja na mwili. Tumia toroli, punda au baiskeli. Kama huna, beba lita 10 kwa safari, na wenzako nyumbani wakusaidie zilizobaki.

Viatu navyo ni dawa. Ukiamka usikanyage sakafu ya saruji bila viatu. Weka viatu karibu na kitanda. Kandambili nyembamba na akala zilizoisha hazikingi kisigino. Tafuta kiatu chenye soli nene, kisigino kilichoinuka kidogo, na kinachoshika mguu kwa nyuma. Buti za mpira zikipwaya, vaa soksi nene na utie kipande cha soli laini ndani. Nunua viatu jioni, maana wakati huo mguu umevimba kidogo, navyo havitakubana.

MAZOEZI YASIYO NA GHARAMA

Kwanza, kabla ya kushuka kitandani, weka mguu unaouma juu ya goti la pili. Vuta vidole kwa mkono kuja upande wako mpaka usikie unyayo umekaza. Hesabu mpaka 10, achia, rudia mara 10. Fanya hivyo mara 3 kwa siku.

Pili, simama mbele ya ukuta au nguzo ya ghala na uiegemee kwa mikono. Mguu unaouma uwe nyuma, goti limenyoka na kisigino kipo chini. Kaa hivyo sekunde 30. Rudia mara 3.

Tatu, kunja kitambaa ukiweke juu ya ngazi ya mlango, vidole vyako vikanyage juu yake, na visigino vining'inie nje. Shika mwimo wa mlango. Inuka taratibu kwa hesabu ya 3, kaa juu kwa hesabu ya 2, shuka kwa hesabu ya 3. Anza kwa miguu yote miwili, mara 12. Ukiweza bila taabu, tumia mguu mmoja. Fanya siku moja, pumzika siku moja. Kama unaumwa nyuma ya kisigino, fanya zoezi hili juu ya ardhi tambarare, bila kushusha kisigino chini ya ngazi.

Zoezi hili la tatu lilijaribiwa Denmark kwa watu wenye maumivu ya kisigino, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2015. Baada ya miezi 3, waliolifanya walikuwa na nafuu zaidi kuliko waliojinyosha tu. Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa karibu sawa. Basi faida yake ni kukurudisha kazini mapema, na mkulima anayengoja mvua ajua thamani ya miezi michache.

Mwenye kifundo kilichoteguka zamani asimame kwa mguu huo mmoja karibu na nguzo, sekunde 30, mara kadhaa kila siku. Hivyo kifundo hujifunza tena kujishika.

MWONE DAKTARI UPESI

Usitibu mguu nyumbani kama hauwezi kukanyaga hata hatua 4 baada ya kuumia. Kama ulisikia kitu kikikatika ghafla nyuma ya kisigino. Kama kiungo ni chekundu, cha moto na kimevimba. Kama shavu la mguu mmoja limevimba na lauma. Au kama una homa. Mwenye kisukari ndiye wa kuangalia zaidi. Mguu wake waweza kufa ganzi, akapata kidonda asijue. Yeye atazame nyayo zake kila jioni, na kidonda chochote akipeleke kituo cha afya bila kungoja.

Jihadhari pia na vidonge vya dukani. Diklofenaki na ibuprofeni zikimezwa siku nyingi bila ushauri huweza kudhuru tumbo na figo. Tena kidonge hunyamazisha maumivu, nawe ukazidisha kazi bila kujua. Kama baada ya miezi 3 ya kufuata mashauri haya huoni nafuu, omba upelekwe kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali.

Anza juma hili. Andika namba yako ya asubuhi kwenye kalenda iliyo ukutani, kila siku bila kuruka. Namba hazitashuka upesi, na siku nyingine zitapanda. Usivunjike moyo. Haba na haba hujaza kibaba, na mwisho wa mwezi kalenda itakuonyesha kama unaelekea kupona.