Theluji ya Milimani na Hatari Yake kwa Askari

Tangu mwaka 1984 majeshi ya India na Pakistan yamekuwa yakikabiliana kwenye barafu ya Siachen, katika milima ya Karakoram. Wengi wa askari waliopotea huko hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na baridi, na uhaba wa hewa, na theluji iliyoporomoka. Alfajiri ya tarehe 7 Aprili 2012, bunduki zikiwa zimenyamaza tangu mapatano ya 2003, makao ya kikosi kimoja cha Pakistan huko Gayari yalifunikwa na theluji, barafu na mawe. Watu 140 walizikwa humo, na 129 kati yao walikuwa askari. Kambi ile ilikuwa imekaa mahali pale kwa miaka ipatayo 20.

Tumeona yafaa kuwaeleza wapiganaji wenzetu, na ndugu zetu polisi, jinsi balaa la namna hii linavyotokea. Wengi wetu theluji tumeiona kwa mbali tu, juu ya vilele vya Ruwenzori au Kilimanjaro, nayo hudhaniwa kuwa kitu kimoja tangu juu hata chini. Sivyo ilivyo. Kila dhoruba huweka tabaka lake, na tabaka hizo hazilingani kwa nguvu. Chini, ardhi huwa na joto kidogo. Juu, hewa ni baridi kali. Theluji ikiwa haina kina kirefu, mvuke hupanda ndani yake na kuzigeuza chembe za chini kuwa punje kubwa kama za sukari, zisizoshikana. Kisha upepo huja ukarundika juu yake tabaka gumu. Basi hapo pana ubao mzito uliolazwa juu ya sukari, tena mahali pa mteremko!

Mtu mmoja tu akikanyaga mahali dhaifu, ubao hupasuka, ufa hukimbia kuliko mwendo wa mtu, na upande mzima wa mlima hushuka. Imethibitishwa kwamba katika ajali nyingi za wasafiri wa milimani, anayeyaamsha maporomoko ni yule yule anayefunikwa, au mwenzake. Miteremko ya hatari hasa ni ile ya kati ya nyuzi 30 na 45. Iliyo mikali kupita hiyo humwaga theluji yake kidogo kidogo. Upande uliokingwa na upepo, ambao askari aliyechoka angeupenda, ndio upepo unakotupia mzigo wake. Na mlima hutoa ishara: mngurumo mzito chini ya miguu, nyufa zinazotangulia mbele ya kiatu, maporomoko mapya katika miteremko ya jirani, joto la ghafula au mvua baada ya theluji nyingi.

Huko Ulaya hatari hutangazwa kwa madaraja matano. La ajabu ni kwamba vifo vingi hutokea katika daraja la tatu, wala si la tano. Kwa maoni yetu jambo hilo halina fumbo: la tano humfungia kila mtu nyumbani, la tatu humwachia mtu nafasi ya kujidanganya.

Kwa kamanda, lakini, swali kubwa ni la mahali pa kupiga kambi. Katika mwaka 1916, wakati wa vita baina ya Austria-Hungaria na Italia, kambi ya askari wa Austria ilijengwa huko Gran Poz, chini ya mlima Marmolada. Kwa hesabu ya mizinga, pale palikuwa pazuri, kwa maana mwamba uliwakinga na makombora ya Waitalia. Kapteni Rudolf Schmid, aliyekuwa kamanda wao, aliutazama mlima uliokuwa juu yao, akaandika barua kuomba kambi ihamishwe. Wakubwa wake walikataa. Theluji ikaanguka kwa wingi usio wa kawaida, kisha joto likapanda. Asubuhi ya tarehe 13 Desemba mlima ulishuka juu ya mabanda, askari wengi wakiwa bado wamelala. Waliokufa walikuwa zaidi ya 200.

Vikosi vya milimani vya siku hizi huvuka mteremko wa mashaka mtu mmoja mmoja, wengine wakimtazama kutoka mahali salama, ili wakijua pale alipoonekana mwisho. Kila askari huvaa chombo kidogo cha redio kinachotuma mawimbi na kuyapokea, tena hubeba fimbo ndefu ya kuchomea theluji na beleshi. Aliyefukuliwa katika dakika 10 za mwanzo aghalabu hupona. Ikipita nusu saa, wengi huwa wamekwisha kosa pumzi, kwani theluji iliyotulia hukaza mfano wa saruji. Kwa hiyo msaada utokao kambini, hata ukija kwa helikopta, mara nyingi huchelewa. Wa kumwokoa ni wenzake aliokuwa akitembea nao.