Je, Wajua? Wengu Unaweza Kuhama na Kujisokota

Wengu hukaa chini ya mbavu za kushoto, umeshikiliwa na kano. Kwa watoto wachache kano hizo ni legevu au hazipo kabisa, hivyo wengu hushuka hadi chini ya kitovu, ukining'inia kwa mishipa yake ya damu tu. Ukijisokota, damu haipiti: tumbo huuma vikali, mtoto hutapika, na ni rahisi kudhaniwa ana kidole tumbo. Vipimo vya damu havitoshi kutambua hali hii. Uvimbe unaosogea ukipapaswa, wenye ukingo uliokatika meno, ni dalili ya thamani kubwa. Ultrasaundi ya Dopla huonyesha pahali pa wengu patupu na damu isiyotembea. Picha ya CT huonyesha mishipa iliyosokoteka kama kamba. Wengu ulio hai husokotolewa na kushonewa mahali pake. Uliokufa huondolewa, na mtoto hupewa chanjo dhidi ya bakteria wa nyumokoka.